Mdai Akipiga Hodi: Deni la Masomo ya Chuo

Mazungumzo ya kikundi cha kusoma mbele ya mkutano wa wanakijiji

  

Sisi ni kikundi cha kusoma. Tulijifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima. Wapo kati yetu walioshika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa na wajukuu. Siku hizi tunakutana kila Alhamisi jioni, tunasoma magazeti, tunaandikiana barua, tunafanya hesabu za mazao yetu.

Leo mwenyekiti ametuomba tuzungumze juu ya jambo moja lililotokea hapa hapa kijijini. Ni jambo la deni. Si deni la dukani, wala deni la mbolea. Ni deni la masomo ya chuo, ambalo mtoto alikopa na mzazi akamdhamini.

Jamani, tusikilizane vizuri. Watoto wa vijiji vyetu wanakwenda vyuo vikuu siku hizi. Ni jambo la kujivunia. Lakini wengi wanasoma kwa mkopo. Siku moja mkopo huo utadaiwa. Na mdai akimkosa kijana mjini, anaweza kuja kupiga hodi kwa mzazi.

MAMA NA WATU WA PIKIPIKI

Mama mmoja wa kikundi chetu ameturuhusu tueleze yaliyompata. Jina lake hatulitaji.

Asubuhi moja mama huyu alikuwa uani anaanika mihogo. Pikipiki ikaja na watu wawili. Mmoja alivaa viatu vizuri, ameshika faili. Wakapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni."

"Mama, wewe ndiye uliyemdhamini kijana wako kwenye mkopo wa chuo?"

Mama akashtuka. Akakumbuka. Ni kweli, miaka mingi nyuma mwanawe alimletea fomu. Wakati ule mama alikuwa hajaanza kisomo. Kijana alimwambia, "Mama, tia dole gumba hapa." Mama akatia. Hakuuliza zaidi, kwa sababu alifurahi kwamba mtoto anakwenda chuo.

Yule mwenye faili akaendelea. "Kijana wako hajalipa. Leo tunataka shilingi 300,000 tufunge faili. Tuma kwenye namba hii ya simu. Usipotuma, kesho tunakuja na gari. Tutabomoa mabati, tutachukua na cherehani."

Mama alikuwa na shilingi 80,000 ndani. Zilikuwa fedha za mbegu. Akasema, "Ngojeni wanangu, nikatazame nilicho nacho." Akaingia chumbani. Fedha alikuwa amezificha chini ya daftari lake la kisomo. Alipoinua lile daftari akakumbuka maneno ya mwalimu wetu: karatasi ikija, isome kwanza.

Akazirudisha fedha mahali pake. Akachukua daftari na kalamu, akatoka.

"Baba, nipe hiyo karatasi niisome."

Yule mtu akacheka. "Mama, kwani unajua kusoma?"

"Ninajua, ila pole pole. Nina siku nzima."

Akakaa kwenye mkeka, akasoma mstari kwa mstari. Karatasi ilikuwa na jina la mwanawe. Ilikuwa na neno DENI kwa herufi kubwa. Lakini kiasi cha deni hakikuandikwa. Anwani ya ofisi haikuwepo. Tarehe haikuwepo. Muhuri ulikuwa umefifia, hausomeki. Mama akawauliza majina yao na mahali walikotoka. Mmoja akataja jina moja tu. Mwingine akanyamaza. Mama akaandika jina lile, akaandika namba ya simu waliyompa, akaandika na namba ya pikipiki.

Walipoona anaandika, wakasema watarudi kesho. Hadi leo hawajarudi.

LAKINI DENI LILIKUWA LA KWELI

Hapa wengi wanapiga makofi, wanadhani hadithi imekwisha. Bado ndugu zetu. Sehemu kubwa ndiyo inaanza.

Jioni ile mama alimpigia simu mwanawe mjini. Akamweleza yote. Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, deni ni la kweli. Sijawahi kulipa hata shilingi."

Kijana alimaliza chuo, hakupata kazi ya kuajiriwa. Akafanya biashara ndogo ya vifaa vya simu. Mwaka wa kwanza hakulipa kwa sababu hakuwa na kitu. Mwaka wa pili alikuwa nacho kidogo, lakini akaogopa. Mwaka wa tatu akabadilisha namba ya simu. Mama akamwuliza, "Kwa nini hukutuambia?" Akajibu, "Niliona aibu. Baba aliuza ng'ombe ili nimalize kidato cha sita. Ningewezaje kusema kwamba nina deni?"

Mama alikuja Alhamisi akiwa amevimba macho. Alitusomea yale aliyoandika katika daftari lake. Tukazungumza mpaka usiku. Siku ile tulijifunza jambo moja, nalo ndilo tunalotaka kila mmoja aondoke nalo hapa leo:

Deni ni jambo moja. Mtu anayekuja kulidai ni jambo jingine. Usiyachanganye.

Deni linaweza kuwa la kweli, na mdai akawa mwongo. Ukimwogopa mdai mwongo, utampa fedha, na deni lako litabaki pale pale. Ukimfukuza mdai na kusahau deni, deni nalo litabaki pale pale. Kwa hiyo kuna kazi mbili. Kazi ya kwanza, kumchunguza mdai. Kazi ya pili, kulikabili deni.

MKOPO HUU NI KITU GANI?

Wazee wengi wanatuuliza: "Mbona zamani Serikali ndiyo iliyosomesha?" Ni kweli. Zamani Serikali ilibeba gharama za wanafunzi wa chuo kikuu. Baadaye ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na mikopo ikaanza kutolewa mwaka 1994. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hiyo ilianza kazi mwaka 2005. Sheria iliipa kazi mbili: kutoa mikopo, na kuikusanya, pamoja na ile iliyotolewa tangu 1994.

Mkopo unaweza kulipia ada, chakula na malazi, vitabu, na mafunzo kwa vitendo. Si zawadi. Fedha zinazorudishwa ndizo zinazosaidia kuwakopesha watoto wengine. Kwa hiyo kijana asipolipa, anamnyima mdogo wake aliye nyuma.

Mkopaji akimaliza masomo hupewa miezi 24 ya kujitafutia riziki. Hiyo ni miaka miwili. Baada ya hapo anatakiwa aanze kulipa.

Analipaje? Kuna njia mbili.

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Tufanye hesabu. Mshahara wa msingi ukiwa shilingi 700,000, asilimia 15 ni shilingi 105,000. Mwajiri ndiye anayekata na kupeleka kwa Bodi. Huo ni wajibu wake kisheria. Lakini kijana naye asilale. Aangalie karatasi ya mshahara kila mwezi, aone kama fedha imekatwa. Kisha aulize kwa Bodi kama imefika. Karatasi hizo azitunze zote.

Aliyejiajiri hulipa mwenyewe. Anatakiwa alipe asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au shilingi 100,000 kwa mwezi, ile iliyo kubwa. Tufanye hesabu nyingine. Deni likiwa shilingi 6,000,000, na kijana akilipa shilingi 100,000 kila mwezi, atamaliza kwa miezi 60. Hiyo ni miaka mitano. Ni mingi, lakini ina mwisho. Anayejificha hana mwisho.

Kuna jambo jingine la kujua. Zamani deni hili lilikuwa linakua upesi. Palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Deni la shilingi 6,000,000 lilizaa shilingi 360,000 kwa mwaka mmoja. Palikuwa pia na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa. Wengi walikata tamaa wakiona wanalipa na deni halipungui. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo hiyo ya asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Kwa hiyo mtu akikuletea hesabu yenye tozo hizo kwa miaka iliyofuata baada ya 2021, mwulize. Mwambie akuonyeshe kwa maandishi zimetoka wapi.

MDHAMINI AMEJIFUNGA KWA NINI?

Kudhamini si kusindikiza. Wengi wetu tulitia dole gumba tukidhani tunashuhudia tu kwamba huyu ni mtoto wetu. Sivyo.

Mdhamini ni mtu aliyeahidi kwa maandishi juu ya deni la mwenzake. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu inasema kwamba mdhamini anabeba deni sawasawa na mdaiwa mwenyewe, isipokuwa kama mkataba wao umesema vinginevyo. Sasa mkataba umesema nini? Jibu liko kwenye fomu uliyotia sahihi. Kwa hiyo fomu isomwe kabla ya kutia sahihi, si baada ya mtu kupiga hodi.

Mdhamini akilazimika kulipa, anayo haki ya kumdai yule aliyemdhamini. Lakini nani kati yetu anataka kumdai mwanawe mahakamani? Ni afadhali kuzungumza mapema.

Hatusemi msiwadhamini watoto. Hapana. Mtoto akipata nafasi ya chuo, mdhamini. Ila mkae chini pamoja. Mwambie akusomee fomu yote, nawe usome mwenyewe. Ukikuta neno gumu, uliza. Ukishatia sahihi, baki na nakala. Iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi ya kliniki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na deni bila daftari hukua bila habari.

KUMCHUNGUZA MDAI

Bodi imewahi kutumia mawakala wa kukusanya madeni. Kwa hiyo si kila anayekuja ni tapeli. Anaweza kuwa mtu wa kweli aliyetumwa kazi. Mpokee kwa heshima. Mpe kiti. Mpe na maji. Kisha fanya mambo haya.

Kwanza, mwombe kitambulisho. Kisome. Andika jina lake, ofisi yake, tarehe na saa. Mtu aliyetumwa kwa haki haogopi kuandikwa.

Pili, mwombe barua. Barua ya kweli ina jina la ofisi, anwani, tarehe, namba ya kumbukumbu, jina la mdaiwa, na kiasi cha deni. Kimoja kikikosekana, uliza.

Tatu, mwite shahidi. Mwambie, "Ndugu, twende kwa mtendaji wa kijiji, tukazungumzie huko." Akikataa kwenda ofisini, basi umejua ni mtu wa namna gani.

Nne, usimpe fedha mkononi. Usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Malipo ya Serikali yana namba yake maalumu ya malipo, ambayo wengi wanaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12. Unalipa kwa namba hiyo benki au kwa simu, na unapata stakabadhi. Namba hiyo kijana aipate kwa Bodi yenyewe. Asipewe na mtu wa njiani.

Tano, usitie sahihi kwenye karatasi yoyote siku hiyo. Mwambie, "Niachie nakala niisome. Nitakujibu kwa maandishi." Mambo ya sahihi hayana haraka. Haraka haraka haina baraka.

VITISHO

Sasa tuzungumze juu ya hofu. Watu wengi hulipa kwa sababu ya hofu.

Mkusanya madeni si hakimu. Si polisi. Hawezi kukufunga. Hawezi kuingia ndani mwako na kubeba cherehani. Hawezi kubomoa bati hata moja kwa neno lake tu. Kuchukua mali ya mtu kwa deni la namna hii kunahitaji kwanza mahakama isikilize, itoe hukumu, kisha itoe amri. Na anayetekeleza amri ile ni dalali wa mahakama, akiwa na hati ya mahakama mkononi. Asiye na hati hiyo, akibeba kitu chako, huyo ni wa kuripotiwa polisi.

Hata hukumu ikitoka, sheria haimwachi mtu uchi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai imetaja vitu visivyokamatwa kwa deni. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko haviguswi. Kwa mkulima, majembe yake hayaguswi, na pia mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili apate riziki. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake nayo imelindwa. Lakini angalieni: nyumba iliyowekwa rehani ni habari nyingine. Ukiweka nyumba rehani kwa mkopo, umeitoa mwenyewe.

Kwa hiyo zile shilingi 80,000 za mbegu za mama yetu, hakupaswa kuzitoa kwa hofu. Kama angezitoa, asingepanda mwaka ule. Na deni la mwanawe lisingepungua hata senti.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Ukiletewa samansi, yaani karatasi ya kuitwa mahakamani, usiitie mfukoni ukanyamaza. Isome. Angalia tarehe. Nenda siku hiyo. Usipokwenda, kesi inaweza kusikilizwa upande mmoja, ukahukumiwa bila kusema neno. Kama hujui la kufanya, watafute wasaidizi wa kisheria. Tangu mwaka 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Uliza ofisi ya kata au ofisi ya ustawi wa jamii wilayani wanapatikana wapi.

KULIKABILI DENI

Turudi kwa yule kijana. Alifanya nini?

Mama alimwambia neno moja: "Njoo nyumbani." Akaja. Hakumgombeza mbele ya watu. Alimkalisha na baba yake, wakazungumza. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Deni nalo ni hivyo hivyo. Lilipotajwa wazi, aibu ilipungua.

Kisha kijana aliandika barua kwa Bodi. Sisi tulikaa naye. Aliomba apewe taarifa ya deni lake: alikopa kiasi gani, amelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Alieleza biashara yake na kipato chake. Hakusema uongo. Alipoipata taarifa, aliikagua mwaka kwa mwaka. Akapata namba ya malipo. Mwezi uliofuata akalipa shilingi 100,000 za kwanza. Stakabadhi akamletea mama.

Mama ameibandika katika daftari la kisomo, ukurasa uleule alioandika namba ya pikipiki. Sasa zipo stakabadhi tisa. Kila mwezi anatusomea: "Leo zimekuwa ngapi? Bado ngapi?" Hesabu ya kutoa tulijifunza darasani kwa machungwa na mayai. Sasa tunaifanya kwa deni la mtoto wetu.

Mwezi mmoja biashara ilikuwa mbaya. Kijana hakuweza kulipa. Zamani angezima simu. Safari hii aliandika mapema, akaeleza. Nasi tunasema hivi: usipokuwa na kitu, sema huna kitu, na sema utapata lini. Anayesema anaweza kusikilizwa. Anayekimbia hutafutwa.

Akimaliza kulipa siku moja, tumemshauri aombe barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha. Barua hiyo itunzwe maisha yote. Watu wamewahi kudaiwa deni walilokwisha kulipa, kwa sababu tu hawana karatasi.

BARUA YA MDHAMINI

Wengi mmetuomba mfano wa barua. Mdhamini akipigiwa hodi anaweza kuandika hivi. Nakilini kwenye madaftari yenu, mjaze nafasi zilizoachwa wazi.

"Mimi ............ wa kijiji cha ............ nilimdhamini ............ katika mkopo wa elimu ya juu. Tarehe ............ alifika kwangu mtu aliyejitaja kwa jina la ............ akidai fedha za mkopo huo. Naomba mnijulishe mambo manne. Kwanza, je, deni hilo lipo? Pili, kimebaki kiasi gani? Tatu, je, mtu huyo mmemtuma ninyi? Nne, malipo yafanywe kwa njia gani? Naomba jibu kwa maandishi. Ahsanteni."

Weka tarehe. Tia sahihi. Toa nakala, ubaki nayo. Mpe mtendaji aione. Kisha ipeleke kwa Bodi. Bodi ina ofisi za kanda, kama vile Arusha, Mwanza na Mbeya. Kijana aliye mjini anaweza kuifikisha kwa niaba yako.

Barua hii ni fupi. Haina maneno makali. Lakini ina nguvu kuliko kelele za mlangoni, kwa sababu kelele hazina nakala.

MANENO YA MWISHO KWA WAZAZI NA VIJANA

Vijana mlio chuoni na mliomaliza, tunawasihi. Dawa ya deni ni kulipa. Msiwaache wazazi wenu wakutane na mdai bila habari. Mkibadilisha namba ya simu au mahali pa kuishi, waambieni Bodi, waambieni na wazazi. Mzazi anayejua ukweli anaweza kusimama. Mzazi asiyejua ndiye anayetapeliwa.

Nasi wazazi, tusiwafanye watoto wetu waogope kusema. Tusimwulize kila akipiga simu, "Umenunua gari? Umejenga?" Tumwulize pia, "Deni la chuo unalilipaje?" Swali hilo likiulizwa kwa upole, litaokoa mengi.

Na wanakisomo wenzetu, mnakumbuka watu walivyotucheka tulipoanza darasa. Walisema, "Mtu mzima anasoma ili awe nani?" Mama yetu hakusoma ili awe karani. Alisoma, na siku moja akaweza kukaa kwenye mkeka wake, mbele ya mtu mwenye faili, akasema: "Nipe niisome." Alizilinda mbegu zake, akapanda. Na mwanawe amerudi nyumbani bila kujificha.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vyenu:

1. Je, umewahi kumdhamini mtu? Nakala ya fomu iko wapi?
2. Mdai akifika kwako kesho, utamwuliza mambo gani?
3. Mshahara wa msingi wa kijana ni shilingi 800,000. Akikatwa asilimia 15, ni shilingi ngapi kwa mwezi?
4. Deni ni shilingi 4,800,000. Kijana analipa shilingi 100,000 kila mwezi. Atamaliza kwa miezi mingapi?
5. Kwa nini yule kijana hakuwaambia wazazi wake? Je, watoto wetu wanatuogopa?

Majibu ya swali la tatu na la nne tutayasoma pamoja Alhamisi. Yeyote anakaribishwa, hata asiyejua bado kusoma. Aje na daftari na kalamu.